Zamu za usiku zinavyowaletea polisi maradhi ya sukari na moyo

ASKARI anayelala mchana na kulinda raia usiku huishi kinyume cha saa ya mwili wake. Ndani ya ubongo mna kundi dogo la seli linaloongozwa na mwanga wa jua, nalo hupanga nyakati ambapo mwili uko tayari kupokea chakula. Sukari ya mlo wa usiku wa manane hukawia zaidi kuondoka damuni kuliko ya mlo wa asubuhi.

Athari hizo zimechunguzwa kwa kina katika jiji la Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Watafiti wakiongozwa na John Violanti wa Chuo Kikuu cha Buffalo walipima afya ya polisi 464 kati ya 2004 na 2009. Hawakutegemea kumbukumbu za askari wenyewe, bali rekodi za malipo zinazoonyesha zamu ya kila siku tangu 1994. Katika ripoti ya 2009 iliyohusu maafisa 98, walihesabu dalili tano: kiuno kipana, shinikizo la damu, sukari nyingi damuni, mafuta mengi ya triglisaridi na upungufu wa kolesteroli nzuri. Mwenye tatu kati ya hizo yumo katika hatari kubwa ya kupatwa na kisukari na maradhi ya moyo.

Askari wa usiku walikuwa na dalili nyingi kidogo, licha ya kuwa kwa wastani walikuwa na umri mdogo kuliko wenzao. Uhusiano huo ulikuwa bayana hasa kwa waliolala kidogo na waliofanya kazi saa za ziada. Kitambi cha askari, ambacho wachoraji vibonzo hawachoki kukidhihaki, basi si lazima kiwe zao la ulafi.

Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo. Hata hivyo, mjini Boston mwaka wa 2009, watu 10 walipogeuziwa ratiba ya kulala na kula katika maabara, sukari yao ilipanda kwa asilimia 6 na insulini kwa asilimia 22, huku homoni ya shibe ikipungua kwa asilimia 17.

Jaribio jingine la 2021 lilihusisha watu 19 walioigizishwa kazi ya usiku. Waliokula usiku walipandisha sukari kwa asilimia 6.4, waliokula mchana pekee hawakupata ongezeko hilo. Idadi hiyo ni ndogo, na hawakuwa polisi. Lakini kwa askari aliye doriani, kula kabla ya kuingia zamu ni rahisi kuliko kumwomba mkuu wa kituo ambadilishie ratiba.