Dodoma si Bunge tu: Makumbusho, nyumba za ibada, bustani na miamba ya Kolo

Wengi wanaofika Dodoma wana faili mkononi. Wanafuatilia barua wizarani, wana usaili, wana kesi, au wamealikwa bungeni. Kazi ikiisha saa nane mchana, swali ni lilelile: sasa twende wapi?

Jibu la haraka huwa "Dodoma hakuna kitu". Si kweli. Mji una makumbusho ya miamba, nyumba za ibada za kila aina na bustani za kupumzikia. Na kwa mwenye siku moja ya ziada, kuna michoro ya miambani ya Kondoa, eneo la Urithi wa Dunia ambalo Watanzania wengi hawajawahi kuliona.

Mambo ya msingi ni haya.

Mji wenyewe kwa ufupi

Dodoma iko kwenye uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya Wagogo. Masimulizi maarufu yanasema jina limetokana na neno la Kigogo "idodomya", yaani pamezama, baada ya tembo kuzama kwenye tope alipokwenda kunywa maji.

Wajerumani walijenga kituo hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Reli ya Kati ikielekea Kigoma, ambako ilifika mwaka 1914. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Mpango wa kwanza wa mji mkuu, wa mwaka 1976, ulichorwa na wataalamu kutoka Canada.

Utekelezaji ulikwenda taratibu sana. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza Serikali inahamia kweli, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 760,000 jijini.

Nyerere Square na Chinangali

Pa kuanzia ni Nyerere Square, katikati kabisa ya mji. Pana sanamu ya Mwalimu, miti, viti na wapiga picha wanaosubiri wateja. Jioni panajaa wanafunzi, familia na wafanyakazi waliotoka ofisini. Ni sehemu nzuri ya kukutana na mtu, maana hakuna dereva wa bajaji asiyeijua.

Nyingine ni Chinangali Park, bustani ya mapumziko ya jiji. Hii wenye watoto wanaipenda zaidi, kwa sababu kuna nafasi ya kukimbia na kucheza. Mchana jua la Dodoma si mchezo, hivyo muda mzuri ni kuanzia saa kumi jioni.

Makumbusho ya miamba na madini

Barabara ya Kikuyu ndiko iliko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST. Ndani yake kuna makumbusho ya jiosayansi: sampuli za miamba, madini na vito kutoka pembe zote za nchi.

Si makumbusho makubwa, lakini yanajibu maswali ambayo Mtanzania hujiuliza kila siku. Kwa nini dhahabu iko Geita na si Mtwara? Kwa nini tanzanite, iliyotambuliwa mwaka 1967, inachimbwa Mirerani tu, chini ya Mlima Kilimanjaro? Kwa nini uwanda wa kati una mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana kana kwamba mtu ameyapanga?

Jibu la hili la mwisho ni umri. Miamba ya katikati ya Tanzania ni ya kale mno, baadhi ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mvua, jua na upepo vimeila udongo wake polepole na kuacha mawe wazi. Mwanafunzi wa jiografia akipita hapa kabla ya mtihani hatajuta.

Makumbusho yamo ndani ya taasisi ya Serikali, hivyo ni vizuri kwenda siku na saa za kazi, na kitambulisho mfukoni. Kwa kundi la shule, barua ya mapema inasaidia.

Nyumba za ibada

Ndani ya mwendo mfupi katikati ya mji, mgeni anakutana na makanisa, misikiti na mahekalu yanayosimulia nani alifika Dodoma na lini.

*Kanisa Kuu la Anglikana.* Kuba lake huwafanya wageni wadhani ni msikiti. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Mpwapwa miaka ya 1870, kwenye njia ya misafara ya kwenda bara. Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia.

*Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Paulo wa Msalaba.* Mtakatifu huyu ndiye mwanzilishi wa shirika la Wapasionisti, waliofanya utume Dodoma kwa miongo mingi. Jimbo la Dodoma lilipandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 2014.

*Msikiti wa Gaddafi.* Ulijengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010. Una nafasi ya waumini wapatao 3,000, na ni miongoni mwa misikiti mikubwa nchini.

Pia kuna kanisa la Kilutheri, jamatkhana ya Waismailia na hekalu la Masingasinga. Hawa wawili wa mwisho ni alama ya mafundi na wafanyabiashara wenye asili ya Asia waliofika enzi za reli.

Sheria za kutembelea ni za kawaida: mavazi ya heshima, viatu nje inapotakiwa, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kutokwenda kutalii wakati wa ibada.

Bunge na Chamwino

Mwananchi anaweza kuomba kuingia bungeni na kufuatilia mjadala akiwa kwenye jukwaa la wageni. Mkutano mrefu zaidi ni ule wa bajeti, Aprili hadi Juni. Kipindi hicho vyumba vya kulala wageni hupanda bei, kwa hiyo ni bora kuweka nafasi mapema.

Ikulu ya Chamwino iko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Morogoro. Jengo jipya lilizinduliwa Mei 2023. Si sehemu ya kwenda bila mwaliko, na kupiga picha majengo ya usalama ni kujitafutia matatizo.

Ila Chamwino ina jambo jingine: muziki wa Kigogo. Huko hufanyika tamasha linalokusanya vikundi vya vijijini, na zeze, marimba na ngoma za muheme zinazopigwa na akina mama. Ni muziki huohuo ambao marehemu Hukwe Zawose aliupeleka kwenye majukwaa ya dunia.

Kolo: mahali ambapo ibada na urithi vinagusana

Hapa ndipo penye uzito. Kijiji cha Kolo kiko kama kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, kupita mji wa Kondoa, kwenye barabara ya lami ya kwenda Babati. Kutoka hapo mgeni anaingia kwenye eneo la michoro ya miambani lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336. Lina mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro. UNESCO ililiandikisha kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Michoro mingi ni ya rangi nyekundu: watu wembamba warefu, twiga, tembo, swala, wawindaji. Watafiti wanaihusisha na jamii za wawindaji na wakusanyaji wa matunda. Michoro myeupe, iliyo ya karibuni zaidi, inahusishwa na wakulima na wafugaji. Miaka ya 1950 mtafiti Mary Leakey alitumia miezi kadhaa hapa akinakili michoro kwa mkono, na kazi yake ikachapishwa kama kitabu mwaka 1983.

Lakini Kolo si makumbusho yaliyokufa. Kwenye mwamba wa Mungumi wa Kolo, wenyeji bado wanakuja kuomba mvua na uponyaji. Mnyama huchinjwa, pombe ya kienyeji humwagwa. Na pombe hiyo ikirushwa ukutani, inagusa michoro.

Hapo ndipo panapoumiza kichwa. Mhifadhi anaona rangi ya karne nyingi ikififia. Mzee wa kijiji anaona mahali alipoombea babu yake, na mvua isiponyesha ni shamba lake linalokauka. Wote wana haki.

Kupiga marufuku ibada kunaweza kuonekana njia rahisi. Tatizo ni kwamba UNESCO ililitambua eneo hili kwa vigezo viwili: michoro yenyewe, na mila hai zinazoendelea kwenye miamba hiyo. Ukiiondoa ibada, umeondoa nusu ya sababu ya Kolo kuwa Kolo. Njia inayobaki ni mazungumzo kati ya wahifadhi na wazee, ili tambiko liendelee bila kugusa ukuta.

Uharibifu usio na utetezi ni mwingine. Wapo wanaochimba kwenye mapango wakitafuta eti mali iliyofichwa na Wajerumani. Wapo pia wageni wanaomwagia maji michoro ili rangi ikolee kwenye simu. Picha inapendeza, mchoro unaharibika.

Utaratibu wa kufika ni huu:

- Pita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji.
- Vaa viatu vya kupandia. Kuna mwinuko mkali.
- Beba maji ya kunywa na chakula.
- Usiguse michoro, usiiloweshe, usiandike jina lako.
- Ukikuta watu wanatambika, subiri pembeni na usipige picha bila ruhusa.

Zabibu kabla ya kuondoka

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za baridi haziwezi. Msimu wa mavuno ukifika, zabibu zinauzwa kibao barabarani. Bihawana, Makutupora na Hombolo ni majina yanayojulikana kwa mashamba na mvinyo. Hombolo ina pia bwawa lililojengwa miaka ya 1950.

Usafiri na wakati mzuri

Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024. Safari ni ya saa nne au pungufu, badala ya kutwa nzima kwa basi. Maana yake, mtu wa Dar anaweza kuja Ijumaa jioni, Jumamosi akaenda Kolo, Jumapili akatembea mjini na kurudi.

Mjini, bajaji na bodaboda zinatosha. Kwenda Kolo, mabasi ya Kondoa na Babati yapo, lakini kukodi gari kwa kuchangiana watu wanne kunaokoa muda.

Mvua za Dodoma ni kidogo na hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Juni hadi Oktoba ni kukavu, asubuhi kuna baridi na upepo wa vumbi. Sweta na miwani ya jua, vyote vinahitajika siku moja.