Kuongeza ujazo wa injini ya Volkswagen Beetle: Faida na gharama zake

MWENYE gari aina ya Volkswagen Beetle anayepanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru huufahamu vyema upungufu wa injini yake. Gia ya nne humshinda, ya tatu hulemewa, na hatimaye hulazimika kurejea ya pili huku matatu zikimpita. Ndipo humjia wazo ambalo limewajia wengi kabla yake: kwa nini injini isipanuliwe ili ipate nguvu zaidi?

Jambo hilo linawezekana, na katika injini hii ni rahisi kuliko katika nyingi nyinginezo. Hata hivyo, nguvu hiyo haipatikani bure. Kila milimita inayoongezwa ndani ya silinda hutolewa mahali fulani, na asiyejua imetolewa wapi huenda akaishia kununua injini nyingine.

Ujazo ni nini?

Ujazo wa injini ni nafasi inayopitiwa na pistoni zote zinaposafiri kutoka juu kabisa ya silinda hadi chini kabisa. Hupimwa kwa sentimita za ujazo, maarufu kama 'sisi', na hutegemea mambo matatu: kipenyo cha silinda, urefu wa safari ya pistoni na idadi ya silinda.

Chukua mfano wa Beetle ya 1600. Kipenyo cha silinda zake ni milimita 85.5 na safari ya pistoni ni milimita 69. Hesabu hiyo huipa kila silinda sentimita 396 za ujazo, na kwa kuwa silinda ni nne, jumla ni 1,584. Injini yenye ujazo mkubwa huvuta hewa na petroli nyingi zaidi katika kila mzunguko na, kwa hivyo, huzisukuma pistoni kwa nguvu zaidi.

Kiwanda chenyewe kilifuata njia hiyo. Injini ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ilikuwa na ujazo wa 985. Baada ya vita, magari yaliyouziwa raia yalikuwa na injini ya 1,131 yenye nguvu za farasi 25. Mwaka 1954 ujazo ulifika 1,192, mwaka 1965 ukafika 1,285 na mwaka uliofuata 1,493. Kufikia mwaka 1970, injini ya 1,584 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 50, maradufu ya ile ya baada ya vita.

Njia mbili za kupanua

Njia ya kwanza ni kuongeza kipenyo cha silinda. Katika injini nyingi, kazi hii hufanywa kwa kukereza bloku. Beetle ni tofauti. Silinda zake ni nne zinazojitegemea, kila moja ikiwa na mapezi ya kupozea, nazo huchomekwa kwenye kasha la aloi ya magnesi. Fundi huzichomoa zile za zamani na kuweka seti mpya ya silinda na pistoni kubwa.

Seti ya milimita 87 huingia katika matundu yale yale bila kukereza chochote, na ujazo hupanda hadi 1,641. Ya milimita 90.5 hufikisha 1,776, na ya milimita 94 hufikisha 1,915, lakini hizi mbili hudai kasha na silinda hedi zikerezwe kwanza.

Njia ya pili ni kurefusha safari ya pistoni kwa kubadilisha krankishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Badala ya milimita 69, huwekwa wenye milimita 74, 78 au hata 82. Wa 82 ukiunganishwa na silinda za 94, ujazo hufika 2,276. Mhimili mrefu hivyo hauwezi kuzunguka ndani ya kasha bila baadhi ya sehemu zake kuchongwa. Kazi hii ni ya fundi mwenye mashine na uzoefu.

Joto ndilo adui

Wengi huvutiwa na seti ya milimita 87 kwa sababu ni nafuu na haihitaji kukerezwa. Hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa tundu la kasha halikupanuliwa, nafasi iliyoongezwa ndani ya silinda imetolewa kwenye unene wa ukuta wake. Ukuta mwembamba ukipata joto kali hupinda, silinda ikapoteza uduara, ringi zikashindwa kuziba, na injini ikaanza kula oili na kutoa moshi. Seti ya 90.5 hugharimu zaidi, lakini kuta zake ni nene na hudumu. Ndiyo maana mafundi wengi wa Beetle huipendelea.

Ikumbukwe kwamba injini hii haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa feni na oili pekee. Nguvu ikiongezeka, joto nalo huongezeka, ilhali feni ni ile ile. Katika injini za zamani, kipozeo cha oili kilisimama ndani ya njia ya upepo na kuinyima silinda nambari tatu hewa ya kutosha. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika magari ya mwaka 1971, kipozeo kilipohamishwa hadi chumba chake chenyewe. Anayepanua injini ya zamani angefanya vyema kutafuta mfumo huo mpya wa kupozea.

Aidha, ujazo ukiongezeka ilhali chumba cha kuchomea petroli hakikupanuliwa, mgandamizo hupanda. Injini ya 1,584 yenye mgandamizo wa 7.5 kwa moja ikifanywa 1,776, mgandamizo hufika takriban 8.3 bila fundi kukusudia. Asipoupima na kuurekebisha, injini huweza kuanza kugonga na pistoni zikatoboka.

Vilevile, injini kubwa huhitaji pumzi kubwa. Silinda zikipanuliwa ilhali kabureta, valvu na ekzosi ni zile ndogo za awali, gari litavuta vizuri zaidi likiwa katika mwendo wa chini lakini litachoka mapema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nairobi si Mombasa

Msomaji wa nyanda za juu ana hesabu nyingine ya kufanya. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kutoka 1,584 hadi 1,776 ni nyongeza ya asilimia 12. Kwa hivyo, mwenye Beetle ya 1,776 jijini Nairobi atakuwa amerudishiwa tu sehemu kubwa ya nguvu ambazo mwenzake wa Mombasa anazo bila kugusa injini. Hewa hiyo nyepesi pia haipozi injini vyema kama ya pwani.

Breki na sheria

Gari linalokwenda kasi zaidi lazima lisimame vyema zaidi. Kiwanda kilipotoa Beetle ya 1500 mwaka 1966, magari yaliyouzwa Ujerumani yaliwekewa breki za diski magurudumu ya mbele. Mwenye gari anayeongeza nguvu na kuacha breki za ngoma zilizochakaa anajitafutia maafa.

Isitoshe, kitabu cha usajili huonyesha ujazo wa injini. Mabadiliko yanafaa kufahamishwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) pamoja na kampuni ya bima. Ajali ikitokea na injini isilingane na stakabadhi, fidia huenda ikawa na utata.

Kabla ya kufungua pochi, ni vyema mwenye gari ahakikishe kwamba injini aliyo nayo inatoa nguvu zake zote. Valvu zisizorekebishwa, kabureta chafu na plagi zinazowaka nje ya wakati huiba nguvu nyingi, na dawa yake haihitaji mashine ya kukereza.

Historia nayo ina la kufunza. Beetle ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Katika ushindi huo wa mwisho, Tommy Fjastad na Bernhard Schmider waliendesha gari la 1200 ambalo nguvu zake, lilipotoka kiwandani, hazikuzidi za farasi 34. Magari yenye nguvu zaidi yalikuwapo. Lao lilifika.