Kutoka Chuo hadi Moodle: Historia Fupi ya Muhtasari wa Somo

Lugha yetu ina maneno matatu yanayogombea hati moja. Tanzania husema muhtasari wa somo, na neno mtaala huliwekea mpango mpana wa elimu nzima. Kenya husema silabasi bila wasiwasi wowote. Hati yenyewe ni ile karatasi inayomwambia mwanafunzi atasoma nini, kwa mpangilio gani, na atapimwaje. Mwaka huu ninaandaa muhtasari wa somo la historia ya ushairi wa Kiswahili, na safari hii sikuuandika kwenye karatasi. Ninaujenga ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia kwa njia ya mtandao. Kila kisanduku ninachojaza kinauliza swali, na nyuma ya kila swali nimekuta historia ambayo wapenzi wa lugha na washairi wana haki ya kuijua.

Tuanze na silabasi, maana kisa chake ni cha ajabu. Mwaka 56 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alimwandikia rafiki yake Atticus akimwomba watumishi wa kumsaidia kutengeneza maktaba yake. Alihitaji pia vipande vya ngozi vya kubandika kwenye magombo ili majina ya vitabu yaonekane. Kwa vipande hivyo alitumia neno la Kigiriki, sittyba. Karne ya 15, barua hizo zilipoanza kupigwa chapa, neno lilisomwa vibaya likageuka syllabus, kisha wataalamu wakalitafutia ukoo wa heshima: wakadai linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukusanya pamoja. Ukoo huo haukuwa wake. Wenye haki nao ni neno jingine tunalolijua vizuri sisi tunaohesabu mizani, nalo ni silabi, yaani sauti zilizokusanywa zikatamkwa kwa pamoja. Silabi na silabasi zinafanana kama ndugu, kumbe mmoja ni mtoto wa nyumbani na mwingine ni mgeni aliyeingia kwa kosa la wanakili.

Muhtasari hauna kasoro hiyo ya nasaba. Umetoka katika Kiarabu, mukhtasar, yaani kilichofupishwa, na kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa jina la aina nzima ya vitabu. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii, aliyafupisha mafundisho ya mwalimu wake katika kitabu kiitwacho Mukhtasar. Karne ya 13, Nawawi aliandika Minhaj, nacho ni ufupisho wa kitabu cha Rafii kilichokitangulia. Vitabu vya namna hiyo vilifika pwani yetu pamoja na masharifu na wanazuoni wa Hadhramaut, vikasomwa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija. Muhtasari wa wakati huo haukuwa orodha ya mambo yatakayosomwa. Ulikuwa ndicho kitabu chenyewe. Mwanafunzi aliyeulizwa amefika wapi katika masomo alitaja jina la kitabu, na kila msikilizaji akaelewa daraja lake.

Ndiyo maana lugha ya zamani ya pwani ilitumia neno moja, chuo, kwa kitabu na kwa mahali pa kusomea. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, na hapo chuo ni kitabu. Leo tunasema chuo kikuu bila kukumbuka kwamba tunataja kitabu kikubwa. Hata tunapompongeza mhitimu kwa joho na kofia, kitenzi kuhitimu kinatukumbusha mtoto aliyekhitimisha Kurani, yaani aliyeimaliza kuisoma.

Safari ya mtoto huyo ilikuwa na mpangilio unaostahili kuangaliwa. Baada ya kujifunza herufi, hakuanzia mwanzo wa msahafu. Alianzia juzuu ya Amma, ya 30 na ya mwisho, kwa sababu sura zake ni fupi na mtoto anaweza kuzihifadhi. Kutoka hapo alirudi nyuma kuelekea sura ndefu. Waliopanga hivyo walizingatia uwezo wa ulimi na kumbukumbu ya mtoto, na mpangilio wa kurasa wakauacha usubiri.

Karne ya 20 mamlaka yalihama. Mwaka 1925 serikali ya Tanganyika iliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyoziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusanifisha tahajia na kukagua vitabu vya shule. Tangu hapo aliyeamua mtoto asome nini hakuwa tena mwalimu aliyekishika kitabu mkononi. Alikuwa ofisa aliyeidhinisha kitabu akiwa mbali. Baada ya uhuru maofisa wakawa wetu wenyewe. Idara ya Kiswahili ilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na Baraza la Mitihani la Tanzania mwaka 1973. Lakini muundo wa mamlaka ulibaki: muhtasari ulitoka juu, mtihani ukaufuata.

Washairi hawakusubiri kuidhinishwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa uwanja, na watungaji wakafundishana kwa kujibizana. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Kitabu kile kinaeleza vina, mizani na taratibu za utungaji hatua kwa hatua, na mimi nakihesabu kuwa muhtasari kamili wa somo, uliotungwa na mshairi kwa ajili ya washairi.

Upande mwingine wa historia hii ni elimu ya mbali. Isaac Pitman alifundisha hati mkato kwa barua huko Uingereza miaka ya 1840, posta ilipokuwa rahisi. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo muhtasari hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu mwalimu hayupo kuufafanua. Kompyuta nayo iliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani: mfumo wa PLATO ulianza Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1960. Moodle ilitolewa rasmi mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Perth, Australia, mtu ambaye utotoni alisomeshwa jangwani kwa redio na karatasi zilizoletwa kwa ndege. Aliyeonja upweke wa kusoma mbali na mwalimu ndiye aliyetengeneza chombo hiki, akakitoa bure kwa yeyote atakaye kukitumia na kukirekebisha.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Ninapofungua kozi mpya, mfumo hunitaka nichague umbo: kwa wiki au kwa mada. Nikichagua wiki, unaigawa kozi kwa tarehe kabla sijaandika neno lolote. Hapo historia ya ushairi hujikuta imepangwa kama kalenda: wiki ya kwanza tenzi za karne ya 18, ya pili Muyaka, ya tatu Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mpaka mjadala wa mashairi huru ulioshika moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974. Mimi nimechagua mada, nikafuata busara ya juzuu ya Amma. Wanafunzi wangu wanaanza na shairi fupi la tarbia ambalo ulimi wao unalimudu, kisha wanarudi nyuma hadi Tambuka.

Swali la pili ni la malengo. Violezo vingi vya vyuo hudai kila lengo lianze na kitenzi kinachopimika: kueleza, kuchambua, kulinganisha. Mtindo huu ulipata nguvu kutokana na ngazi za malengo zilizochapishwa mwaka 1956 chini ya uhariri wa Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago. Sina ugomvi na vitenzi hivyo. Lakini sanaa yetu ina vyake, navyo ni kuhifadhi, kughani, kutunga na kujibu. Nimeviandika vyote vinne katika kisanduku cha malengo na kila kimoja nimekipa kipimo. Kughani kunapimwa kwa rekodi ya sauti inayopakiwa kama kazi. Kujibu kunapimwa katika jukwaa la majadiliano, ambako mwanafunzi hutoa ubeti na mwenzake hulazimika kumjibu kwa vina vilevile. Jukwaa ambalo wengine hulitumia kuulizia tarehe za mtihani, kwetu ni ukumbi wa malumbano.

Swali la tatu linahusu umbo la shairi kwenye kioo. Mshororo wa tarbia una mizani 16, minane katika ukwapi na minane katika utao. Kwenye simu ya mkononi mshororo huo hukatika popote skrini inapokwisha, na kina cha kati kikapotea machoni. Si mara ya kwanza kwa chombo kuubadili ubeti. Katika miswada ya hati za Kiarabu, vipande vinne vya utenzi mara nyingi viliandikwa kwenye mstari mmoja. Wapiga chapa wa hati za Kilatini wakavishusha kuwa mistari minne, na leo tunadhani ndivyo vilivyozaliwa. Kwa hiyo kila kipande nimekipa mstari wake, na kando ya kila shairi nimeweka sauti, kwa kuwa sikio halikatizwi na upana wa kioo. Zaidi ya hayo nimetumia kamusi ndogo iliyomo katika Moodle: istilahi ikishaingizwa, kila inapotokea kwenye kozi inaweza kujigeuza kiungo cha maelezo yake. Kibwagizo, urari, bahari na kituo vitamsubiri mwanafunzi kila anapovikuta.

Mfumo huu una uwezo mmoja unaonitia hofu kuliko yote: kozi ikishajengwa, hunakiliwa kwa mibofyo michache na kufundishwa tena mwaka ujao, hata na mtu mwingine. Kilichomo kitarudiwa miaka 10. Kisichokuwamo hakitaonekana kuwa kimeachwa, kwa sababu hakuna pengo kwenye ukurasa. Tukumbuke kwamba mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, yangeweza kusahaulika kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingeyakusanya kutoka vinywani mwa watu pamoja na W. E. Taylor, kitabu chenyewe hakikutoka hadi mwaka 1940. Miaka 100 ushairi huo ulihifadhiwa na watu wachache walioamua kwamba unastahili kukumbukwa.

Uamuzi wa namna hiyo sasa unafanyika kwenye fomu za mtandaoni, mara nyingi usiku, na walimu waliochoka wanaokimbizana na muhula. Nawaomba walimu wa ushairi wasikikubali kiolezo kabla hawajakihoji, na washairi wasiwaachie walimu peke yao kazi hii. Ulizeni kozi za Kiswahili zilizo karibu nanyi zina majina gani ya washairi na zimeacha yapi, kisha andikeni majibu hayo mahali wahusika watakapoyasoma.