Uvuli wa Msitu Usiokuwapo

Mshairi akitaja msitu, msomaji huutia uvuli mwenyewe kwa kumbukumbu zake. Kompyuta haina kumbukumbu hizo. Jani isilopangiwa nuru hubaki doa la rangi tu. Kwa hiyo historia ya kuchora misitu kwa kompyuta ni, kwa sehemu kubwa, historia ya uvuli.

Jani hurudisha sehemu ya nuru, hupitisha sehemu nyingine hadi upande wa pili, na hulikinga jani lililo chini yake. Nuru iliyopenya majani kadhaa huelekea ukijani, kwani nyekundu na buluu zimekwisha kunywewa njiani. Kufuata kila mwale katika mamilioni ya majani kulizishinda mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1984, kitengo cha kompyuta cha Lucasfilm, nchini Marekani, kilionyesha filamu fupi, "The Adventures of André & Wally B.", yenye msitu mzima. William Reeves aliijenga miti yake kwa chembe ndogo ndogo zisizo na idadi. Namna ya kuitia nuru, aliyoieleza pamoja na Ricki Blau mwaka 1985, ilikuwa ya kukisia. Badala ya kutafuta jani gani linamkinga mwenziwe, waliuliza chembe imezama kiasi gani ndani ya mti kutoka upande wa jua. Kadiri ilivyozama, ndivyo ilivyofifia.

Mwaka 1986 James Kajiya alitoa mlinganyo unaoeleza safari ya nuru kutoka kitu hadi kitu. Kanuni ikapatikana, nguvu za kuitekeleza zikachelewa. Mwaka 1998 Oliver Deussen na wenzake waliweza kuchora mandhari yenye mimea tele kwa kurudiarudia nakala za mimea michache. Tangu 2018, kadi za michoro za nyumbani zimeweza kufuata baadhi ya miale papo kwa papo.

Je, waliokisia walitudanganya? La hasha. Kisio lao lilisimama juu ya jambo analolijua kila aliyeketi chini ya mwembe: giza huzidi kadiri unavyokaribia shina. Mlinganyo ulikuja kusahihisha kiasi. Jambo lenyewe lilikwisha kuonwa kwa macho. Mashine zikizidi kutuhesabia, tusiache kutazama, maana asiyeujua uvuli hatatambua siku hesabu itakapokosea.