Barabara ya Askari na Nyumba za Magurudumu

Katika jimbo la Victoria, kusini-mashariki ya Australia, iko barabara ambayo kila mwaka hupitwa na mamilioni ya watu, na wengi wao hawana haja ya kufika mahali popote. Jina lake ni Great Ocean Road, yaani Barabara Kuu ya Bahari. Huanzia mji wa Torquay na kuishia Allansford, karibu na Warrnambool, umbali wa kilomita 240 hivi. Katika miezi ya joto, ambayo huko ni Desemba, Januari na Februari, magari yenye vitanda, meko na mapazia hujivuta juu yake mfano wa konokono, kila moja na nyumba yake mgongoni. Wenye magari hayo husimama penye kila pembe ya jabali, hutazama bahari, hunywa chai, kisha huendelea hata pembe ya pili.

Sikukusudia kumsifia msomaji mandhari hayo, maana wasifu wake umekwisha andikwa na wengi, tena kwa ukarimu uliopita kiasi. Nataka kueleza jinsi njia iliyochongwa kwa mikono ya watu waliotoka vitani ilivyopata kuwa uwanja wa matembezi, na kuuliza kama waendao juu yake kwa starehe wamewasahau waliyoichonga, au wametimiza waliyoyataka waanzilishi wake. Jawabu si jepesi kama inavyodhaniwa.

Kabla ya barabara hiyo vijiji vya pwani vilikuwa mfano wa visiwa. Nyuma yake ilisimama milima ya Otway, yenye msitu mnene wa mikalitusi na mabonde yaliyojaa kangaga. Mbele yake ilikuwapo bahari ambayo mabaharia waliiogopa. Mtu aliyetaka kwenda Lorne alipanda gari la moshi mpaka bara, kisha akatikiswa na gari la farasi juu ya milima kwa njia ya matope. Watu wa Apollo Bay walitegemea vyombo vidogo, navyo vilikuja kama hali ya hewa iliridhia. Jinsi pwani ile ilivyokuwa kali yajulikana kwa msiba wa merikebu Loch Ard, iliyovunjika karibu na Port Campbell mwaka 1878 ikitoka Uingereza. Watu 54 walikuwamo. Waliookoka ni wawili tu, kijana mwanagenzi wa ubaharia na msichana abiria.

Fikira ya kuitoboa pwani hiyo ilitoka katika Vita Kuu. Australia, nchi ya watu wapatao milioni 5 wakati huo, ilipoteza watu zaidi ya 60,000 katika vita vya mwaka 1914 hata 1918, na waliorudi walikuwa wengi, vijana, na hawana kazi. Mwaka 1917 William Calder, mkuu wa bodi iliyosimamia barabara za jimbo, alishauri kuwa askari hao wapewe kazi ya kujenga njia katika sehemu zenye watu wachache. Shauri hilo lilimpata mtu wa kulibeba: Howard Hitchcock, mfanya biashara na Meya wa mji wa Geelong. Mwaka 1918 Hitchcock aliunda shirika la kuchanga fedha, akatoa pauni 3,000 za mali yake mwenyewe, akawaita wenye nacho wafanye vivyo hivyo. Barabara hiyo, basi, haikuanza kama kazi ya serikali. Ilianza kama mchango.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Hitchcock aliitaka barabara iwe kumbukumbu ya waliokufa, lakini tangu siku ya kwanza aliitaka pia iwe njia ya watu wa matembezi. Aliona kuwa pwani yenye uzuri namna ile, ikifikika kwa motokaa, itavuta watu kutoka mbali na kuutajirisha mkoa wake. Katika moyo wa mtu mmoja huzuni na biashara vilikaa pamoja bila ya kugombana. Wako wanaoona haya kwa niaba yake. Mimi sioni sababu. Kaburi lisilozuriwa halina faida kwa maiti wala kwa aliye hai, na Hitchcock alijua kuwa watu hawatasafiri siku mbili kuutazama mnara wa jiwe.

Kazi ilianza Septemba 1919, kwa mshindo wa baruti uliowashwa na waziri mkuu wa jimbo mwenyewe. Wapimaji walikwisha tangulia msituni, nao katika sehemu nyingine hawakuweza kupita zaidi ya kilomita 3 kwa mwezi. Nyuma yao walifuata askari, ambao kwa muda wote wa kazi idadi yao ilifika 3,000 hivi. Vyombo vyao vilikuwa sururu, koleo, toroli na baruti. Mitambo ilikuwa michache. Walikata jabali lililosimama wima juu ya bahari, na kila walichokikata kiliporomoka majini. Baadhi yao waliporomoka nacho. Mshahara ulikuwa shilingi 10 na nusu kwa siku ya saa nane, na Jumamosi walifanya kazi nusu siku.

Walilala mahemani. Kambi zao zilikuwa na kinanda, santuri, michezo na magazeti, mambo ambayo shirika liliyaona ya lazima kwa watu waliotoka Gallipoli na Ufaransa na ambao usingizi wao haukuwa mzuri. Husimuliwa kuwa aliyechukua viwashio vya baruti aliviweka juu ya magoti yake garini, maana miguu ya mtu hupokea mtikiso vizuri kuliko ubao. Mtu aliyekwisha ishi miaka minne chini ya mizinga labda hakuona jambo kubwa katika hilo. Vilima na mabonde waliyapa majina ya vitani. Mpaka leo ramani ina Artillery Rocks, yaani Miamba ya Mizinga, na Shrapnel Gully, ambalo ni jina la bonde la Gallipoli lililohamishiwa nyumbani.

Kisa kimoja cha kambi hizo kinapendwa kuliko vyote, nami sitakuwa mchoyo wa kukihadithia. Mwaka 1924 meli iitwayo Casino ilipanda mwamba karibu na rasi ya Patton, na ili iweze kuelea ikatupa baharini mapipa 500 ya bia na makasha 120 ya pombe kali. Mawimbi yakaipeleka shehena hiyo ufukoni, palipo mahema. Kazi ikasimama muda wa wiki mbili. Katika hesabu za shirika sidhani kuwa wiki hizo ziliandikwa chini ya jina lake la kweli.

Kipande cha kwanza, mpaka Lorne, kilifunguliwa mwaka 1922, na penye Eastern View likawekwa lango la ushuru. Motokaa ililipa shilingi mbili. Gari lenye farasi zaidi ya wawili lililipa shilingi kumi, kwa kuwa kwato na magurudumu ya chuma yaliharibu njia. Kipande kilichobaki, toka Lorne hata Apollo Bay, kilikwisha Novemba 1932. Hitchcock hakukiona. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwezi Agosti wa mwaka huo huo. Siku ya sherehe motokaa yake iliendeshwa nyuma ya ile ya Naibu wa Gavana, yeye mwenyewe hayumo. Mwaka 1936 shirika liliikabidhi barabara kwa serikali ya jimbo, na ushuru ukaondolewa.

Sasa tugeuke tuitazame ile nyumba ya magurudumu, maana nayo ina nasaba yake. Maskini wa Ulaya waliohamahama walikuwa na nyumba za namna hiyo zamani sana, na matajiri waliwadharau kwa ajili yake. Mwaka 1885 Gordon Stables, Mskochi aliyekuwa daktari wa manowari, aliagiza gari kubwa la farasi wawili lenye kitanda, maktaba na jiko, akalipa jina la Wanderer, akatoka kusini ya Uingereza hata Inverness. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha safari hiyo. Tangu hapo kulala njiani, ambako kwa maskini kulikuwa ni unyonge, kwa mwenye nafasi kukawa ni anasa.

Kilichoieneza anasa hiyo kwa watu wa kati ni gari la Kijerumani. Aprili 1947 mfanya biashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alichora katika daftari yake umbo la sanduku juu ya magurudumu manne, injini ikiwa nyuma. Machi 1950 Volkswagen ilianza kulitengeneza. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ilitoa vyombo vya kulifanya chumba: kiti kilichogeuka kitanda, kabati, pazia. Afrika ya Mashariki nayo ilikuja kulifahamu gari hilo kwa jina la kombi, ingawa hapa kwetu lilitumiwa zaidi kwa kuchukua abiria na watalii kuliko kwa kulala. Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu ya farasi 25 tu, na mlimani ilikwenda kwa adabu sana. Lakini udhaifu huo uliifaa Barabara ya Bahari. Njia iliyochongwa kwa sururu, yenye kona baada ya kona, haikutaka gari la mbio.

Waliolitumia kwanza kwa wingi huko walikuwa vijana watelezaji wa mawimbi. Karibu na Torquay iko Bells Beach, penye mawimbi yanayosifiwa duniani, na mashindano yake yalianza miaka ya 1960. Lakini kabla ya hapo ufuko ule haukufikika kwa urahisi. Mwaka 1960 mtelezaji mmoja alikodi tingatinga likakata njia, naye akawatoza wenzake pauni moja kila mmoja ili arudishiwe gharama yake. Hiyo ilikuwa kazi ya Hitchcock kwa kipimo kidogo, mchango na ushuru vile vile. Vijana hao walilala ndani ya kombi zao, ubao juu ya paa, wakaamka na kupwa na kujaa kwa maji.

Leo hawaruhusiwi. Kulala garini kandoni mwa barabara hiyo ni marufuku, na asiyetaka kutozwa faini hupeleka gari lake katika viwanja vya kambi vilivyo na bei na bomba la maji. Wageni wamekuwa wengi mno. Taka, moto na kinyesi vilidhuru ufuko, na sheria ina haki yake. Hata hivyo ni ajabu ya historia kwamba barabara iliyozaliwa katika mahema yaliyopigwa popote palipopatikana uwanda, sasa haimruhusu mtu kupiga hema juu ya bega lake. Kama msafiri amepoteza kitu, naona amepoteza usiku ule. Mchana umejaa picha. Usiku ndio uliokuwa wa askari: upepo katika turubai, bahari chini, na watu waliolala karibu na mahali watakapochimba kesho.

Wako pia ambao kumbukumbu yenyewe haikuwakumbuka. Rasi ya Otway ilikuwa nchi ya Wagadubanud, na upande wa Torquay ni nchi ya Wawadawurrung, ambao vijia vyao vilikuwapo kabla ya kipimo cha mpimaji yeyote. Mwaka 1846 msafara wa mpimaji George Smythe uliwaua Wagadubanud kadhaa karibu na mto Aire. Sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2020 kuilinda barabara na mazingira yake imewataja wenye asili kwa heshima. Lango la askari limekuwapo tangu 1939. Kati ya tarehe hizo mbili msomaji atajaza mwenyewe.

Nasi watu wa Afrika ya Mashariki hatuwezi kuzisoma habari hizi kama wageni kabisa. Katika vita hiyo hiyo mamia ya maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao. Dar es Salaam ilipewa Sanamu ya Askari mwaka 1927. Lakini wapagazi waliachiwa jina la kambi yao, lililotamkwa kwa ulimi wetu likawa Kariakoo, na watu hulitaja kila siku wakienda kununua nyanya na vitambaa. Yaani kumbukumbu yao nayo ni mahali pa shughuli. Tofauti ni kwamba hakuna Hitchcock aliyeikusudia.

Bahari haijali hesabu hizi. Mbele ya Port Campbell pwani ni ya mawe ya chokaa, na maji huyala mfululizo. Tarehe 15 Januari 1990 daraja la mwamba lililoitwa London Bridge lilikatika ghafula, likawaacha watalii wawili juu ya kisiwa kipya. Walitolewa kwa helikopta. Mwaka 2005 mmoja wa ile minara ya mawe iitwayo Mitume Kumi na Wawili, ambayo hata siku hiyo haikufika idadi ya jina lake, ulianguka ukawa kifusi mbele ya macho ya wageni.

Lango la Eastern View limesimama karibu na palipokuwa pa ushuru. Ni la magogo. Liliteketea katika moto wa msitu wa mwaka 1983, likajengwa tena, na mwaka 2007 ikaongezwa kando yake sanamu ya wajenzi. Magari husimama hapo kwa foleni. Watu hushuka, humpa mmoja wao kamera, hujipanga chini ya maandishi, kisha hupanda tena. Wengine huenda wakaigusa sanamu, wakasoma idadi ya wafanya kazi na miaka, na mtoto akauliza kama watu hao waliishi ndani ya gari kama wao.