Sentensi Fupi ya Kiingereza Katika Shule Zetu

Waingereza walipoitwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta Kiswahili kimekwisha kuwa lugha ya utawala na ya shule. Walikiacha kifundishie madarasa ya chini, wakaiweka lugha yao juu kuwa mlango wa elimu kubwa na kazi za ukarani. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikuwa mojawapo ya milango hiyo. Kijana aliyeandika sentensi fupi ya Kiingereza bila kosa alihesabiwa kuwa ameelimika. Aliyekosea alidhaniwa hana akili.

Dhana hiyo yafaa kuchunguzwa. Tutazame neno moja tu: "nimemwona". Ndani yake mna mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Mwingereza huyatenga hayo katika maneno manne: "I have seen him". Tena, aliyeonwa akiwa mwanamke, sharti aandike "her". Kiswahili hakiulizi swali hilo. "Yeye" ni wa kiume na wa kike sawasawa. Basi mwanafunzi amwandikapo mama yake "him", hakupungukiwa na akili. Anafuata kanuni ya lugha iliyomlea. Ndivyo ilivyo pia anaposahau "a" na "the", kwani kwetu "ng'ombe" husimama peke yake na maana ikatimia.

Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini sekondari zilibaki na Kiingereza. Hivyo mtoto aliyejifunza hesabu na jiografia kwa Kiswahili huingia Kidato cha Kwanza akatakiwa kueleza mvua na mimea kwa lugha ambayo hata sentensi zake fupi zingali zikimshinda. Anayoyajua hubaki moyoni, na daftari humshuhudia kuwa hajui. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Madhali mambo yako hivyo, mwalimu na aziandike lugha zote mbili ubaoni, sentensi kwa sentensi, mwanafunzi aone zinapokutana na zinapoachana. Kosa lililoelezwa hufundisha. Kosa lililochekwa hunyamazisha. Mwanzo wa ngoma ni lele, na ajuaye vema muundo wa lugha yake huanza kujifunza ya pili akiwa na kipimo mkononi.