Historia ya Mombasa Haiishii Darajani

Mwambie mtu yeyote akuonyeshe historia ya Mombasa. Atakupeleka Fort Jesus, mtazunguka vichochoro vya Mji wa Kale, mtapiga picha kwenye milango ya nakshi, basi, kwisha. Hakuna anayevuka Nyali Bridge kuja Kisauni kutafuta historia. Huku watu wanajua ni kwa kulala tu, asubuhi warudi tao.

Mimi nasema historia iko huku pia, na nyingine inauzwa kwa sahani.

Anza na jina la steji. Kila siku makanga anaita "Kengeleni! Kengeleni!" na hatuulizi ni kengele gani. Mwaka 1875 wamishonari Waingereza wa CMS walianzisha hapo Frere Town, makao ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakitolewa kwenye majahazi yaliyonaswa baharini. Kengele ilikuwa ya kuwaonya hatari ikija, wasije wakatekwa tena. Na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 30 mtu yuko huru, lakini jirani yake bado ni mali ya mtu. Sisi tunashukia hapo na simu mkononi.

Sasa ingia ndani, vichochoro vya Mishomoroni saa za jioni, moshi wa karai umetanda. Agiza viazi karai. Kiazi na pilipili asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Neno "karai" limetoka India, pamoja na ile bizari inayofanya unga uwe wa manjano. Ukwaju wa kumwagia juu ni mti wa Afrika, wetu. Kama unapenda muhogo, huo uliletwa na Wareno kutoka Brazil, wale wale waliojenga Fort Jesus kuanzia 1593. Ngome unalipia kiingilio. Muhogo unaongezewa pilipili bure.

Sanaa je? Watu wanadhani sanaa ya mtaani ni ukuta uliochorwa Nairobi au New York. Angalia nyuma ya tuktuk zetu: misemo, mafumbo, mtu anarushiwa maneno hadharani na jina lake halitajwi. Hiyo si tabia mpya. Ni leso hiyo! Duka la Kaderdina, lile la "Mali ya Abdulla", lilianza hapa Mombasa mwaka 1887, na mwenyewe ndiye anayetajwa kuwa aliweka misemo ya Kiswahili kwenye leso. Mwanzo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi, sai iko kwa stika nyuma ya tuktuk. Nyanya alimjibu jirani kwa leso, mjukuu anajibu kwa tuktuk.

Mwaka 2018 kaunti iliamuru majumba ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na samawati. Mji ukapendeza, sikatai. Lakini huku kibanda cha kinyozi bado kina kichwa kilichochorwa kwa mkono, na kila duka lina rangi yake. Hilo pia ni jumba la makumbusho, halina tiketi tu.

Kwa nini nasumbuka na haya? Kwa sababu habari pekee inayotoka Kisauni ni mapanga. Kijana akitaja Mishomoroni anapotafuta kazi, anayemsikiliza anaanza kukaza mkoba. Mapanga yapo, na watu wameumizwa, hatufichi. Lakini mtaa ukijulikana kwa jambo moja tu, kila anayekaa humo anageuzwa mshukiwa. Mji wa Kale unahifadhiwa kwa sababu una historia inayosimuliwa. Wetu unafanyiwa msako kwa sababu yetu haisimuliwi.

Kwa hivyo usingoje mtalii wala mzungu aje kuandika. Daraja la sasa lilifunguliwa 1980, na kabla yake lilikuwepo lile la kuelea, tangu 1931. Kuna wazee huku waliolivuka kwa miguu yao. Nunua viazi viwili, kaa na mmoja wao kibarazani, washa rekoda ya simu, muulize huku kulikuwaje. Wiki hii, sio mwakani. Wazee hawatungoji.